Makumbusho ya Jos na Deni la Wachimba Bati

Mwaka 1952, huko Jos, mji wa baridi juu ya uwanda wa kati wa Nigeria, yalifunguliwa makumbusho ya umma, miongoni mwa ya kwanza nchini humo. Kila yanapoenziwa, jina la mwanzilishi wake, Mwingereza Bernard Fagg, hutangulia, na anastahili. Ila mimi naona vibarua wa machimbo wanamdai nafasi pembeni yake.

Jos ni mji uliojengwa na bati. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya Waingereza yaliufukua uwanda, reli ikafika, na Wahausa, Waigbo na Wayoruba wakamiminika kutafuta kazi. Wenyeji Waberom waliona mashamba yao yakigeuka mashimo. Katika mashimo hayohayo majembe yaligonga vichwa vya udongo wa kuchoma, mboni zimetobolewa, nywele zimefinyangwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 1943, karibu na Jemaa, karani wa machimbo alikichukua kimoja akakisimika katika shamba lake la viazi vikuu kitishe ndege. Kilinyeshewa mvua na kuchomwa jua humo mpaka kilipomfikia Fagg, ofisa wa serikali aliyesomea akiolojia. Alikitazama, akakumbuka kichwa kingine kilichopatikana kijijini Nok mwaka 1928. Akaanza kupita mgodi kwa mgodi akiwasihi wachimbaji wasitupe walichokiona. Ndivyo ulivyojulikana ustaarabu wa Nok, wa watu waliofinyanga na kuyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Makumbusho yaliyozaliwa na ugunduzi huo hayakuishia kwenye makabati. Mwaka 1963, kwa msaada wa UNESCO, Jos ikaanza kufundisha mafundi wa makumbusho kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Pakawa na bustani ya wanyama, kivutio cha watoto. Kisha msanifu majengo kutoka Poland, Zbigniew Dmochowski, aliyezunguka Nigeria akichora majengo ya asili, akasimamia ujenzi wa nakala za majengo hayo uwanjani hapo, ukiwemo msikiti wa Zaria na ukuta wa Kano.

Mji wa Jos umeomboleza mara nyingi, hasa tangu mapigano ya Septemba 2001 kati ya Wakristo na Waislamu. Katika miaka hiyo ya majonzi, msikiti ule wa udongo umebaki uwanjani pamoja na nyumba za jamii nyingine, mali ya Wanigeria wote.