Sarufi ya Amri na Sarufi ya Heshima

Mtu anayetaka kujifunza lugha ya wenziwe huanza na maneno gani? Wengi hudhani kwamba si neno kubwa: aanze popote, mengine yatafuata. Lakini historia ya mji wa Lubumbashi yatufundisha kwamba mlango ule wa kwanza ni jambo zito.

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka huo huo mji ulianzishwa kwa jina la Elisabethville. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Nchi ilikuwa ya Balamba, lakini wafanyakazi walitoka mbali: Babemba kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Baluba, na katika miaka ya 1920 watu wengi wa Kasai na Ruanda-Urundi. Je, watu hao wote wasikilizane kwa lugha gani?

Kiswahili hakikuwa kigeni kabisa katika Katanga. Wafanyabiashara wa pwani walifika Bunkeya zamani za Msiri, mfalme aliyeuawa mwaka 1891. Nao Mapadre Weupe, waliopokea kituo cha Mpala penye ziwa Tanganyika mwaka 1885, walikitumia katika mafundisho. Lakini Wazungu wengi wa kwanza wa Elisabethville walikuja kwa njia ya kusini, na kinywani walikuwa na Kiingereza na kile Kifanagalo cha migodi. Wabelgiji hawakupenda mji wao ushike desturi za kusini. Basi Kiswahili kikapata nafasi yake, kikawa lugha ya kazi.

Hapo ndipo vikatoka vijitabu vya kuwafundisha Wazungu. Vitabu vikubwa vya sarufi vilikuwapo: cha Edward Steere wa Unguja cha mwaka 1870, na cha Padre Charles Sacleux cha mwaka 1909. Lakini hivyo vilieleza Kiswahili cha pwani, tena vilitaka subira. Bwana mwenye haraka alitaka kitabu cha mfukoni. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alivichunguza vijitabu hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Aliona kwamba amri ndiyo iliyotawala humo. Leta, chukua, fungua, ondoka! Kumbe mwanafunzi wa namna hiyo aliweza kukaa miaka mingi, akaagiza kila siku, asiweze hata mara moja kuzungumza na mpishi wake habari za watoto wake.

Na wenyeji je? Wao walikuwa wakijenga sarufi yao wenyewe. Katika Kiswahili cha Lubumbashi watu ni “batu”, vitu ni “bintu”, na mtoto mdogo ni “katoto”, kwa kuwa Kibemba na Kiluba vimetia mkono wao humo. Mtu mzima huitwa “ba tata” au “ba mama”. Ile “ba” ya wengi huwekwa kwa ajili ya heshima, ijapokuwa yeye ni mmoja tu. Tena anayeomba maji hasemi “nipe” kavu kavu. Husema “unipeko mayi”. Ile “ko” ndogo ya mwisho hupunguza ukali, na amri hugeuka kuwa ombi.

Jambo hili si la kwetu tu. Tazameni Korea, nchi ya mbali sana. Huko kitendo huja mwishoni mwa sentensi, na heshima hukaa mwishoni mwa kitendo. Mtoto huambiwa “ka”, yaani nenda; mtu wa kuheshimiwa “kaseyo”; na mgeni mkubwa “kasipsio”. Anayejifunza umbo la kwanza tu atamtukana mzee bila kujua. Padre Félix-Clair Ridel, Mfaransa, aliingia huko wakati Ukristo ulipokuwa umekatazwa. Katika dhuluma ya mwaka 1866 wamisionari 9 kati ya 12 waliuawa. Yeye aliokoka, akavuka bahari hata China. Alifanywa askofu, na kazi ya sarufi haikuachwa: mwaka 1881 kitabu cha sarufi ya Kikorea kilipigwa chapa Yokohama, katika Japani. Wamisionari wale waliishi kwa kufichwa na Wakristo wa huko, basi iliwapasa kusema kama watu.

Katika Elisabethville chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1956. Mwalimu mmoja wa hapo, Edgar Polomé, Mbelgiji, alisikiliza maneno ya mji, na mwaka 1968 aliandika makala kueleza taratibu zake. Lakini wenyeji walikuwa wamemtangulia. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa boi, aliandika kijitabu kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani, katika Kiswahili chao. Alikiita kwa Kifaransa “Vocabulaire”, kana kwamba ni orodha ya maneno kama vile vijitabu vya mabwana. Ukikifungua, waona ni historia ya mji na ya mabwana wenyewe, jinsi watumishi walivyowaona.

Kwa miaka mingi bwana alikuwa akisema, “Leta.” Mtumishi aliitika, akaleta, na masikio yake yalikuwa wazi siku zote. Heshima si utumwa. Anayejifunza lugha yo yote leo, na aanze na neno la kuomba, kisha la kuuliza. La kuamuru laweza kungoja.