Safu ya lugha: Ruzuku

Ruzuku na riziki zina shina moja la Kiarabu, ndiyo maana neno ruzuku lanukia hisani: mkubwa hutoa, mdogo hushukuru. Ruzuku ya utafiti si hisani: hulipia kazi ya kutafuta maarifa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha uchunguzi uliohusisha kazi za migodini za akina baba na ulemavu wa kuzaliwa wa watoto wa mji wetu wa Lubumbashi. Nani apime ombi la fedha za kazi kama hiyo? Wanasayansi wenza. Lakini Agosti 2025 amri ya Rais Trump iliwapa wateule wa kisiasa mamlaka ya kupitia ruzuku za Marekani. Maoni ya wanasayansi yakabaki ushauri. Serikali yetu isiige: itoe fedha, wenye ujuzi wachague.