Dohani isiyotumika: iziba, lakini iache ipumue

Neno dohani tunalo tangu zamani, lakini nyumba zetu za pwani hazinayo. Moshi wa jiko hutokea uani au dirishani, na dohani tuliyozoea kuiona wengi wetu ni ya meli. Ndiyo maana ndugu yetu anapohamia Uingereza na kupanga nyumba kuukuu ya matofali, akakuta tundu la meko ukutani linaloingiza baridi usiku kucha, la kwanza linalomjia ni kulijaza blanketi na magazeti. Makala haya ni yake, na ya yeyote aliyepanga nyumba ya aina hiyo kule Limuru au Kericho.

Nyumba hizo zilijengwa wakati vyumba vilipashwa moto kwa makaa ya mawe. Desemba 1952 moshi ulishikana na ukungu ukaifunika London kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wakafa. Sheria ya hewa safi ikaja 1956, kisha gesi ikachukua nafasi ya makaa. Meko yakazimwa, dohani zikabaki.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kweli haitumiki. Huenda hita ya gesi, au mtambo wa kuchemshia maji, unatoa moshi wake humo humo. Ukiiziba, kaboni monoksidi hurudi chumbani. Haina rangi wala harufu. Ni gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa huku wamefunga milango. Muite fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register. Mpangaji ana haki zaidi: sheria inamtaka mwenye nyumba akague vifaa vyake vya gesi kila mwaka, basi dai uone cheti. Na usizibe bila idhini yake.

Kisha dohani ifagiliwe. Ndani mna masizi, vijiti vya ndege, pengine na tofali lililoanguka. Ndege akiwa bado anatumia kiota chake, subiri: sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kukiharibu.

Sasa kuziba kwenyewe, na hapa ndipo wengi huharibu. Dohani haizibwi ikawa kama chupa. Mvua hupenya matofali ya juu ya paa, na mvuke wa kupikia na kuoga hupanda ndani ukakutana na ubaridi, ukageuka maji. Hewa isipopita, maji hayo hayana pa kwenda. Masizi ya miaka mingi yana chumvi inayonyonya unyevu, na baada ya muda doa la kahawia hutokeza ukutani. Watu hulipaka rangi, likarudi. Hupaka tena, likarudi tena. Rangi haitibu doa hilo, ni pesa za bure.

Kwa hivyo juu huwekwa kifuniko kinachozuia mvua na ndege lakini chenye nafasi za hewa pembeni. Chini, tundu la meko huzibwa kwa matofali au ubao, na katikati huachwa kidirisha chenye matundu, kiasi cha tofali moja. Wengine hukifunika kwa karatasi ya ukutani kwa sababu hakipendezi, na hapo kazi yote imekwenda.

Anayepanga kwa muda mfupi ana njia rahisi: liko puto maalumu la kusukuma ndani ya koo la dohani, na hutolewa wakati wowote. Bandika karatasi ya onyo kwenye meko, maana atakayekuja baada yako anaweza kuwasha moto bila kujua.

Kubomoa ukuta wa dohani ili kupata nafasi chumbani ni jambo jingine kabisa. Mara nyingi unabeba uzito wa matofali yaliyo juu yake, hivyo mhandisi lazima apige hesabu. Na dohani nyingi za nyumba zilizoungana zimejengwa kwenye ukuta mmoja na jirani. Kwa sheria ya 1996, inayotumika England na Wales, jirani huyo hupewa taarifa ya maandishi kabla nyundo haijainuliwa.