Jicho Lililorefuka na Mishipa Yake

Kabla ya mwaka 1851, madaktari hawakuwa na njia ya uhakika ya kuiona mishipa ya damu ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka huo Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza oftalmoskopu, kifaa cha kumulika jicho na kuchungulia hadi kwenye retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea nuru. Tangu hapo, kila chombo kipya kimetufundisha jambo lilelile kwa undani zaidi: mayopia kali, hali ya kutoona mbali inayohitaji lenzi ya dayopta 6 au zaidi, ni maradhi ya jicho zima, na miwani pekee haiyatibu.

Chanzo chake kilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwamba kwa asiyeona mbali, miale ya nuru hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Mwaka 1801 mpasuaji wa Italia, Antonio Scarpa, alieleza macho yaliyotuna kwa nyuma. Katika miaka ya 1850 daktari Ferdinand Arlt alichunguza macho ya maiti, akathibitisha kwamba jicho lenyewe limerefuka. Jicho la mtu mzima huwa na milimita 24 hivi. Lenye mayopia kali kwa kawaida huzidi 26.

Milimita hizo chache zina madhara makubwa. Ngozi ya ngoma ikiwambwa kupita kiasi hukonda, na ndivyo zinavyokonda tabaka za jicho. Mishipa ya retina huwa myembamba na hupoteza mipindo yake ya asili. Chini yake, koroidi, tabaka la mishipa linaloilisha sehemu ya nje ya retina, hudhoofika. Utando uliopo kati ya tabaka hizo huweza kupasuka, na kupitia nyufa hizo ikachipua mishipa mipya dhaifu inayovuja damu na majimaji. Kovu likibaki katikati ya retina, uwezo wa kusoma na kutambua sura za watu hupotea.

Mwaka 1961 Harold Novotny na David Alvis wa Indiana, Marekani, walichapisha mbinu ya kupiga picha mishipa hiyo baada ya kudunga rangi inayong'aa kwenye mshipa wa mkono. Uvujaji ukaonekana waziwazi. Mwaka 1991 ikaja mashine inayotumia nuru kupima tabaka za retina, na vizazi vyake vya leo huonyesha hata vimishipa vidogo bila kudunga rangi. Tiba nayo imesogea: dawa zinazodungwa ndani ya jicho huzuia mishipa mibovu isiendelee kukua, na mgonjwa akiwahi, huokoa uwezo wa kuona.

Kwetu Tanzania, tatizo lina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,500 jijini Mwanza, ulikuta asilimia 5.6 wana mayopia. Kati ya wote waliokuwa na kasoro kubwa ya uoni, chini ya theluthi moja walikuwa na miwani. Wengi hawafikii mayopia kali, lakini bila kupimwa hakuna atakayejua nani yumo katika hatari.

Kwa mfano, Nyamwaga, wilayani Tarime, ina hospitali ya wilaya. Lakini safari ya huduma za kibingwa huelekea Musoma, au hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kwa hiyo kazi ya kwanza iko shuleni: watoto wapimwe macho kila mwaka, na mwenye lenzi nzito apewe rufaa ya kuchunguzwa retina, hata kama miwani yake inamfaa. Mzazi naye asisubiri siku ya kliniki mtoto akisema mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, doa jeusi limetokea katikati, au anaona vimulimuli. Hapo mishipa inaweza kuwa imeanza kuvuja au retina kuchanika, na kila siku inayopotea inapunguza nafasi ya tiba kufaulu.