Mkimbizi na Bakuli la Saladi

Ukiingia supamaketi yoyote ya mjini leo utazikuta zimesimama rafuni kama askari wa gwaride: chupa za mchuzi wa saladi. Nyeupe, za njano, nyingine za rangi ya chungwa. Kuna moja iliyobandikwa jina la Ufaransa. Wengi tunaipita tu, bei yenyewe inatisha, na nyumbani kachumbari ina ndimu yake, nani ana shida? Lakini ndugu msomaji, chupa hiyo usiipite hivi hivi. Nyuma ya jina lake kuna mkimbizi aliyechacha, kuna mkwanja wa nguvu, na kuna kesi ya mafuta ambayo mpaka serikali ya Marekani iliingia.

Tuanze na mkimbizi. Mwaka 1789 Ufaransa ilipinduka. Mabwana wakubwa waliokuwa wakiendeshwa kwa magari ya farasi wakaanza kukimbia mmoja mmoja, na wengi waliangukia London. Huko hawakuwa na shamba wala mtumishi. Mmoja wao aliitwa d'Albignac, mtu wa Limousin.

Siku moja bwana huyu alikuwa katika hoteli moja yenye sifa pale London, anakula nyama ya ng'ombe ya kuoka. Meza ya jirani walikaa mabishoo watano au sita, watoto wa wakubwa. Mmoja akainuka, akamwendea kwa adabu zote, akamwambia wamesikia kwamba Wafaransa ni mafundi wa saladi. Je, angekubali kuwatengenezea? Jamaa akasitasita, kisha akakubali. Akaagiza vitu vyake, akapima, akachanganya taratibu. Huku mikono ikifanya kazi, vijana wakawa wanamdodosa habari zake. Akawaambia yeye ni mkimbizi, na kwa haya kidogo akasema anaishi kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Mmoja wao akamsogezea noti ya pauni 5. Akaikataa kidogo, kwa heshima tu, halafu akaipokea.

Hapo ndipo ninapopapenda mimi. Msaada ulimwivisha uso, lakini noti ile alikuwa ameitolea jasho.

Akaacha anwani yake. Haukupita muda mrefu, barua ikaja: anaombwa nyumba moja ya fahari kule Grosvenor Square, akatengeneze saladi. Akaenda na viungo vipya. Ikawa gumzo. Nyumba hii ikamwambia ile, na ile ikamwambia nyingine, mpaka karamu isiyo na saladi ya Mfaransa ikaonekana karamu ya kishamba. Sasa bwana d'Albignac akawa na kigari cha kumkimbiza kutoka mwaliko hadi mwaliko, na mtumishi wa kumbebea kasha la mbao nzuri ya mahogani. Ndani ya kasha kulikuwa na siki zenye harufu mbalimbali, mafuta yenye ladha ya matunda na yasiyo nayo, sosi ya soya, mayai ya samaki ya thamani, samaki wadogo wa chumvi, viini vya mayai. Baadaye akaona mbali zaidi: akaagiza makasha kama lile, akayajaza viungo, akayauza kwa mamia. Aliporudi kwao, nchi ilipotulia, alikuwa na zaidi ya faranga 80,000. Elfu 60 akaziweka katika hati za serikali, elfu 20 akanunua kishamba Limousin. Saladi hiyo, bwana!

Aliyetuhifadhia kisa hiki ni Brillat-Savarin, hakimu na mla vizuri, ambaye naye alikuwa mkimbizi: alifika mpaka New York akafundisha Kifaransa na kupiga fidla ili apate chakula. Kitabu chake kilitoka Desemba 1825, kwa fedha zake mwenyewe na bila jina lake juu ya jalada. Februari 1826 akafariki. Wanaochukia kujitolea fedha mfukoni ili kuchapisha na walisikie hilo.

Sasa, ndani ya lile kasha palikuwa na siri gani? Ukiondoa madoido, mchuzi wa Kifaransa ni mafuta, siki na chumvi, kwa kawaida sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. (Hata neno saladi lenyewe asili yake ni chumvi, katika Kilatini.) Mafuta na siki havipatani, ukiviacha vinaachana. Anayevisuluhisha ni haradali, au kiini cha yai ambacho kina lesithini. Nguvu yote imo kwenye mafuta: kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, wakati siki karibu haina kitu. Kwa hiyo anayeogopa unene anaangalia mafuta, na akipata nafasi anayaondoa.

Ndivyo ilivyokwenda Marekani. Kule mchuzi wa Kifaransa ulibadilika ukawa mtamu, ukatiwa nyanya, ukageuka rangi ya chungwa. D'Albignac asingeutambua. Mwaka 1950 shirika la serikali linalosimamia chakula na dawa likauwekea kanuni: anayetaka kuuza chupa yenye jina hilo sharti atie mafuta ya mimea yasiyopungua asilimia 35 kwa uzito. Ilikuwa kanuni ya kumlinda mnunuzi asiuziwe maji ya rangi.

Miaka ya 1990 ikaja hofu ya mafuta. Kila kitu kikawa "hakina mafuta", na kwa kanuni za huko maana yake ni chini ya nusu gramu kwa mlo mmoja. Lakini mchuzi ukiutoa mafuta unabaki mwembamba na mkali, basi viwanda vikajazia kwa sukari, wanga na gundi za mimea. Watu wakala majani yao wakijiona wameshika afya mkononi.

Mwaka 2004 watafiti wa Iowa State University wakatoa matokeo yao. Waliwalisha watu saladi ya spinachi, letasi, nyanya na karoti, mara kwa mchuzi usio na mafuta, mara wenye gramu 6 za mafuta ya kanola, mara wenye gramu 28, kisha wakawapima damu. Kwa mchuzi mkavu, karotini ya zile karoti haikuingia mwilini ila kiasi cha kupuuzwa. Mafuta yalipoongezeka, nayo ikaongezeka. Karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, husafiri na mafuta, kama zinavyosafiri vitamini D, E na K. Hapa bibi zetu wa pwani hawadaiwi kitu: mchicha wanautia tui la nazi. Na kachumbari isiyo na tone la mafuta huliwa na pilau au nyama ya kuchoma, ambamo mafuta yapo tele.

Ile kanuni ya asilimia 35 je? Chama cha watengenezaji wa michuzi kiliomba ifutwe mwaka 1998. Faili likalala ofisini miaka 24, na Januari 2022 ikafutwa kweli, kwa maelezo kwamba wakati wake umepita. Jina la Kifaransa limebaki, kipimo hakipo. Anayetaka kujua kilichomo ageuze chupa asome zile herufi ndogo za nyuma: kwa kawaida kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi, na katika chupa nyingine mafuta utayakuta nyuma ya maji na sukari.