Istilahi Zilizozaliwa Kiangazi: Asili ya "Akili Unde" na "Kujifunza kwa Mashine"

Hivi karibuni tuliletewa na mwalimu mmoja wa sekondari karatasi tatu zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Zilikuwa ratiba ya mafunzo ya wiki mbili aliyoyahudhuria katika chuo kikuu wakati wa likizo ndefu, mafunzo yahusuyo kompyuta zinazotenda mambo ambayo tangu zamani tumeyahesabu kuwa ni kazi ya akili za watu. Mwalimu huyo aliyafurahia mafunzo yake, akaelewa mengi, akarudi shuleni na nia ya kuwapa wanafunzi wake yale aliyoyapata. Siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa, maneno yalimkauka. Jambo alikuwa nalo, jina hakuwa nalo. Akatuomba tumfasirie ratiba hiyo, akidhani kuwa ni kazi ya asubuhi moja.

Haikuwa kazi ya asubuhi moja. Ili kueleza kwa nini, hatuna budi kutazama istilahi hizo zilizaliwa wapi, na kwa haja gani. Kwani mfasiri asiyeijua haja iliyolizaa neno, aghalabu hufasiri ganda lake tu.

Tatizo lilianzia kwenye kichwa cha ratiba, kilichosema kwamba hayo ni mafunzo ya kiangazi. Katika nchi za kaskazini, miezi ya Juni hadi Agosti ni miezi ya joto. Wanafunzi huenda makwao, madarasa hubaki matupu, na walimu hupata nafasi. Desturi ya kuitumia nafasi hiyo kwa elimu mpya ina historia yake katika fani hii. Mwaka 1946, tangu tarehe 8 Julai hadi 31 Agosti, wanafunzi 28 walikusanyika katika Shule ya Moore ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, kufundishwa namna ya kubuni kompyuta za umeme. Mwingereza mmoja, Maurice Wilkes, alichelewa safari, akafika mafunzo yakikaribia kwisha. Hata hivyo alichokipata kilimtosha: alirudi Cambridge, na tarehe 6 Mei 1949 kompyuta yake iliyoitwa EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza. Elimu ya kompyuta, basi, ilitoka nje ya chumba kimoja na kuingia ulimwenguni kwa njia ya mafunzo ya likizo.

Lakini je, "kiangazi" kinatufaa sisi? Juni katika pwani yetu ni mwezi wa kipupwe na pepo za kusi. Mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa yalifanywa Juni 2015 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, na yakaitwa kwa Kiingereza shule ya kiangazi, katika mwezi ambao mtu wa Nyeri hatoki nje asubuhi bila sweta. Kwa maoni yetu kilicho muhimu hapa si jua wala baridi, bali ni ile nafasi iliyoachwa na muhula. Tuliandika "mafunzo ya likizo", tukaendelea.

Mstari wa pili ndio uliotuweka siku nzima. Jina la fani yenyewe lilipata umaarufu kutokana na ombi la fedha. Tarehe 31 Agosti 1955, watu wanne waliandika pendekezo la kukutana katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire, Marekani. Watu hao walikuwa John McCarthy, aliyekuwa akifundisha hisabati hapo hapo Dartmouth, Marvin Minsky wa Harvard, Nathaniel Rochester wa IBM na Claude Shannon wa maabara za Bell. Walitaka watu kumi wafanye utafiti kwa miezi miwili katika kiangazi cha 1956. Waliliomba shirika la Rockefeller dola 13,500. Walipewa dola 7,500.

Kwa nini McCarthy alichagua jina jipya? Alikuwa amehariri pamoja na Shannon kitabu kuhusu mashine zijiendeshazo, na makala zilizoletwa zilimvunja moyo, kwa kuwa nyingi hazikuigusa akili yenyewe. Alitaka jina ambalo mtu hataweza kujificha nyuma yake. Tena alitaka kujitenga na fani iliyokuwapo tayari, ile ya Norbert Wiener iliyohusu uongozaji na mawasiliano katika wanyama na mashine, ili asilazimike ama kumkubali Wiener kuwa kiongozi ama kubishana naye. Jina, basi, lilikuwa bendera ya kambi kabla ya kuwa maelezo ya kitu. Hata wenzake hawakuafikiana nalo wote. Allen Newell na Herbert Simon, ambao pamoja na J. C. Shaw walikuwa wametunga programu iliyothibitisha kanuni 38 kati ya 52 za kwanza katika sura ya pili ya kitabu kikubwa cha mantiki cha Whitehead na Russell, walipendelea jina lililohusu uchakataji wa habari changamano. Jina lao lilikuwa sahihi zaidi. Lilishindwa.

Sasa tutazame majina yetu. Hadi leo yako matatu yanayoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. "Bandia" lilikuwa la kwanza kuwajia watu wengi, na si neno baya. Tunasema meno bandia na hatumtukani mwenye meno hayo. Hata pendekezo la Hanover lilisema juu ya mashine kuiga akili, na cha kuiga hakiko mbali na bandia. Lakini noti bandia na dawa bandia zimeliharibia neno hilo jina. Mtumishi wa serikali akiandika katika waraka kwamba wizara itatumia akili bandia kupanga maombi ya wananchi, mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini asipewe akili ya kweli. Neno la Kiingereza lililokusudiwa kufasiriwa lina asili ya Kilatini, na katika asili hiyo maana yake ni kitu kilichofanywa kwa ustadi. Halikuanza na shutuma.

"Mnemba" limeenea sana katika hotuba na magazeti ya Tanzania, na mazoea ni nguvu ambayo mwanaistilahi hawezi kuidharau. Upungufu wake ni kwamba umbo lake halimwelekezi msomaji wa kawaida kwenye kitenzi chochote anachokijua. Wengi hulifahamu kwanza kama jina la kisiwa kidogo kilichoko kaskazini-mashariki mwa Unguja. "Unde" lina faida hiyo. Kama vile kuumba kulivyotupa kiumbe, kutuma kukatupa mtume, na kushinda kukatupa mshinde, ndivyo kuunda kunavyoweza kutupa kitu unde, yaani kilichoundwa. Na kuunda ni kazi yenye heshima kwetu: jahazi huundwa, na haliitwi bandia kwa sababu halikuota msituni. Tuliandika "akili unde". Tunajua kwamba wako wafasiri wenzetu watakaokataa.

Mstari wa tatu ulihusu mashine kujifunza. Istilahi hii ilienezwa na Arthur Samuel wa IBM, aliyehudhuria pia mkutano wa Hanover, katika makala aliyoichapisha mwaka 1959 juu ya programu ya kucheza dama. Ni dama ile ile inayochezwa barazani kwetu kwa vifuniko vya soda, ingawa sheria zinatofautiana kidogo. Samuel alijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukariri: mashine iliweka kumbukumbu ya hali za mchezo ilizokwisha kuzipima, ili ikizikuta tena isianze upya. Ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Aliwapanga ndani ya mashine moja wachezaji wawili, Alfa na Beta. Alfa alibadili uzito wa vigezo vyake kila mara mchezo ulivyoendelea. Beta alishika vyake bila kuvibadili. Alfa akishinda, Beta huchukua vipimo vya Alfa, na mashindano huanza tena. Samuel alieleza kwamba katika muda wa saa 8 au 10 za kucheza, mashine iliweza kujifunza kucheza vizuri zaidi kuliko mtu aliyeitungia programu.

Hapa Kiswahili kina jambo la kusema. Neno letu "kujifunza" limejengwa kwa kitenzi kufunza na kiambishi cha kujirejea: ni kujifanya mwalimu wa nafsi yako. Kwa mashine ya Samuel, iliyocheza na nafsi yake, neno hilo linakaa barabara kuliko lile la Kiingereza. Lakini si kila mashine hujifunza hivyo. Watafiti wa Makerere, mjini Kampala, walitaka simu ya mkononi itambue magonjwa ya mihogo, kama batobato, kwa picha ya jani. Ili mashine iweze kazi hiyo, ilibidi ipewe picha nyingi ambazo wataalamu wa mimea walikwisha kuzitia majina: hili lina batobato, hili ni zima. Mashine hiyo hufunzwa. Tunashauri basi kwamba mfasiri asitumie "kujifunza" kila mahali kwa mazoea tu. Penye mkono wa mtu anayeonyesha jibu, aandike kufunza na kufunzwa, ili msomaji ajue kwamba nyuma ya mashine kuna mtu aliyekaa na majani ya mihogo akiyapambanua moja moja, na kwamba mtu huyo akikosea, mashine nayo itakosea.

Hali kadhalika tulikutana na neno "mfano", ambalo lilikuwa karibu kutuaibisha. Ratiba ilisema kwamba siku ya nne wanafunzi wangeunda kile kitu ambacho mashine hukipata baada ya mafunzo na kukitumia kuamua, na tafsiri yetu ya kwanza ilisomeka hivi: "Mfano hufunzwa kwa mifano." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi na haina maana. Tuliacha "mifano" iwe zile picha za majani, na hicho kitu tukakiita "modeli", neno la mkopo, bila kuona haya. Penye hatari ya kuchanganya mambo mawili, mkopo ni bora kuliko utajiri wa uongo.

Tulimrudishia mwalimu karatasi zake baada ya wiki tatu. Alizisoma mbele yetu, akatikisa kichwa kwa kukubali mara nyingi, kisha akakwama kwenye siku ya tisa. Hapo ratiba ilizungumzia uwezo wa mashine kulitambua jani ambalo haijapata kuliona, kinyume cha kukariri yale iliyoonyeshwa, na sisi tulikuwa tumeandika "kujumlisha". Alicheka. Alisema kwamba wanafunzi wake wakisikia neno hilo watatoa madaftari na kuanza kupanga tarakimu ili wazijumlishe. Tukampa "ujumuishi", hakuupenda. Yeye akapendekeza "kupambanua kigeni", nasi tukaona kwamba hilo nalo laweza kueleweka kuwa ni kupambanua kwa namna ya wageni. Alichukua kalamu akaufuta mstari huo, na mpaka tunapoandika makala haya, siku ya tisa haina jina.