Kujiundia kompyuta ya mezani: maandalizi kabla ya bisibisi

Kuziunganisha sehemu za kompyuta ya mezani ni kazi ya saa chache. Maandalizi yake huweza kuchukua wiki kadhaa, na hasara nyingi hutokea humo: kichakataji kisichoingia kwenye bodi, kumbukumbu ya aina nyingine, au mashine inayowaka bila kuonyesha picha.

Kwa wakazi wa Hagsätra, mtaa ulio kusini mwa Stockholm, mwisho wa njia nambari 19 ya treni za chini ya ardhi, yapo mambo mawili zaidi ya kuzingatia. Kwanza ni umeme wa nyumba zenyewe, ambazo nyingi zilijengwa kuelekea mwaka 1960. Pili ni safari ya mashine, iwapo imekusudiwa jamaa walioko Afrika Mashariki.

Kusudi kwanza

Mashine ya masomo, kazi za ofisi na mazungumzo ya video haihitaji kadi ya picha. Kichakataji chenye uwezo wa picha ndani yake, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski ya SSD vinatosha. Michezo ya video na uhariri wa filamu ndivyo vinavyodai kadi hiyo, ambayo mara nyingi huwa ghali kuliko sehemu nyingine zote.

Tahadhari: vichakataji vya Intel ambavyo majina yake huishia kwa herufi F havina uwezo wa picha. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi.

Sehemu zinazokubaliana

Kichakataji na bodi kuu lazima viwe na tundu la aina moja. Tundu la AM5 la kampuni ya AMD, lililotoka mwaka 2022, hupokea kumbukumbu za DDR5 peke yake. AM4 lililotangulia hutumia DDR4. Kwa Intel, bodi za LGA1700 ziko za aina zote mbili, na kwa kawaida bodi moja haipokei zote.

Bodi ya zamani huenda isikitambue kichakataji kipya mpaka programu yake ya msingi, BIOS, isasishwe. Orodha ya vichakataji vinavyokubaliwa hutolewa na mtengenezaji wa bodi.

Bei nazo zitazamwe siku ya kununua. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda mno, baada ya mitambo ya akili mnemba kuvuta sehemu kubwa ya uzalishaji duniani.

Anayenunua sehemu zilizotumika akumbuke kuwa Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali vichakataji vingi vya zamani. Linux ni mbadala usiolipiwa.

Soketi ya ukutani

Katika nyumba nyingi za Sweden za miaka hiyo, jikoni kuna soketi zenye waya wa ethi, lakini sebuleni na vyumba vya kulala hazimo. Kanuni za mwaka 1994 ndizo zilizotaka ethi katika vyumba vyote vya nyumba mpya. Soketi yenye ethi hutambulikana kwa vibati viwili vya chuma kandoni mwa tundu lake.

Bila ethi, kasha la kompyuta huweza kubeba umeme unaochonyota mkono, na vifaa vilivyounganishwa nayo huweza kuharibika. Kuvuta waya kutoka jikoni hadi chumbani si suluhisho salama. Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba. Kazi ya kuweka ethi ni ya kampuni ya umeme iliyosajiliwa.

Majira ya baridi, hewa ya ndani hukauka na umeme tuli huongezeka. Kazi ifanyike mezani, mbali na zulia, na fundi aguse chuma kabla ya kushika bodi.

Haki za mnunuzi

Sheria ya Sweden humpa mnunuzi miaka 3 ya kulalamikia kasoro iliyokuwapo bidhaa ilipotolewa dukani. Katika sheria iliyoanza mwaka 2022, kwa miaka 2 ya mwanzo ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kuwa kasoro haikuwapo. Aliyeagiza kwa intaneti ana siku 14 za kubadili nia. Anayenunua kwa mtu binafsi hana kinga hizo, hivyo aombe kuiona sehemu ikifanya kazi kabla ya kulipa.

Ikiwa inakwenda nyumbani

Nguvu ya umeme ya Sweden, volti 230, inakaribiana na ya Kenya, Tanzania na Uganda. Plagi ndiyo tofauti: huko hutumika ya pini tatu bapa. Waya wa kompyuta huchomoka, kwa hiyo hubadilishwa waya peke yake.

Kinachostahili kuongezwa kwenye bajeti ni kifaa cha kudhibiti umeme unaopanda na kushuka. Pasipo hicho, mashine iliyochaguliwa kwa uangalifu huweza kuungua kwa mkatiko mmoja wa umeme.